Pumzi Mbili, Kioo Kimoja

1

Mzee Komba aliuliza kwa upole, kama mtu anayeuliza habari za safari.

"Bibi, mtoto alipozidiwa, ulikuwa umeondoka kwenye kioo?"

Uso wa Sikudhani Mrisho ulijaa ukuta mzima. Mwenyewe alikuwa sebuleni kwake Singida, miguu iliyovimba ameipumzisha juu ya stuli, ushungi wake umekaa sawasawa. Waliomhoji walikuwa Makete, juu mlimani, katika Nyumba ya Meza, ambamo watu walivaa makoti kutwa kwa sababu mashine zilitaka baridi na hakuna aliyethubutu kuzinyima.

"Sikuondoka," alisema.

"Nauliza kwa sababu ilikuwa adhuhuri."

"Najua. Nikienda kuswali namkabidhi mwenzangu meza, naye haondoi jicho mpaka nirudi. Muulizeni. Siku ile nilikuwa nimeshaswali na nimeshakaa." Aliisogeza miguu juu ya stuli. "Mkubwa, mimi nimezeeka miguu. Macho bado."

Tusekile Mwambeta, msimamizi wa zamu ya mchana, aliinamisha kichwa ili asionekane akitabasamu. Mzee Komba, mkuu wa nyumba ile, hakutabasamu.

"Vedasto, muuguzi wa wodi, anasema mtoto alikuwa ameacha kupumua. Midomo imeshakuwa ya bluu. Mama yake ndiye aliyeshtuka, akampigapiga nyayo mpaka akalia. Wewe hukupiga kengele."

"Sikupiga kwa sababu mtoto alikuwa anapumua. Nilimwona kama ninavyokuona wewe."

"Basi mmoja wenu anasema uongo."

"Mtafuteni," alisema Bi. Sikudhani. "Mkimpata nitamwombea."

Ukuta ukawa mweusi.

Miaka ile hapakuwa tena na mtu aliyenunua kompyuta. Mtu alinunua kioo, chepesi kama sahani ya bati, kisicho na akili yoyote ndani yake. Akili ilikaa Makete. Mwalimu wa Kondoa na karani wa Kilosa kila mmoja alikuwa na meza yake mlimani, meza isiyo na mbao wala misumari. Kazi yote ilifanyika huko. Kilichosafiri kwenda kwa mwenyewe kilikuwa picha ya meza hiyo. Uligusa kioo Singida, meza ikatii Makete, picha mpya ikakurudia kabla hujapepesa macho.

Kwa njia hiyo wauguzi wastaafu, waliojua watoto wachanga kuliko walivyojua viganja vyao, waliweza kukaa nyumbani kwao na kuangalia wodi za mbali. Wodi aliyopewa Bi. Sikudhani ilikuwa huko Katavi, ndogo, ya watoto njiti, wale waliozaliwa kabla ya wakati wao. Vibandiko vya kupimia pumzi vilijaribiwa, vikaondolewa. Ngozi ya mtoto njiti ni kama utando wa ndani ya yai, na vibandiko viliichana. Lililobaki lilikuwa jicho la mtu.

"Leta kumbukumbu ya meza yake, Mama Lwitiko," Mzee Komba alisema. Alimwita Tusekile kwa jina la mwanawe, kama walivyozoea. "Kama bibi alisinzia, tutajua. Nami sitapenda kujua."

2

Kumbukumbu ilifunguka palepale ilipotakiwa.

Tusekile aliona meza ya Bi. Sikudhani kama Bi. Sikudhani mwenyewe alivyoiona siku ile. Kushoto orodha ya dawa. Juu saa. Katikati dirisha kubwa la wodi, na ndani yake mama kijana aitwaye Nshoma, ameegemea mito, mtoto amelazwa kifuani pake ngozi kwa ngozi. Wamefungwa pamoja kwa kanga yenye korosho kubwa nyekundu. Ni dawa ya zamani hiyo, na hakuna mashine iliyoishinda: joto la mama, harufu ya mama, moyo wa mama chini ya sikio la mtoto.

Kishale cha Bi. Sikudhani kilitembea. Kilikwenda kwenye orodha, kikarudi, kikakaa karibu na kichwa cha mtoto kama kidole. Mwanamke hakuwa amesinzia.

Na mtoto alikuwa anapumua. Kanga ilipanda na kushuka polepole kwa pumzi ya mama, na juu ya mwendo huo mkubwa ulikuwapo mwendo mdogo wa haraka, ubavuni mwa mtoto, kama kifaranga ndani ya mkono. Tusekile aliangalia mpaka pale mama aliposhtuka. Hakuona mwendo mdogo ukikatika.

Basi Vedasto ndiye mwongo. Tusekile alianza kumwonea huruma, akijiuliza ni nini kingemfanya muuguzi mzima atunge midomo ya bluu. Akairudisha kumbukumbu nyuma, aiangalie mara ya mwisho kabla ya kumtaja mtu.

Safari hii alimtazama mama.

Nshoma alikuwa akipumua kama kawaida, kisha akaacha. Aliinua shingo, akabana pumzi, akatulia tuli. Kila mwanamke aliyewahi kulala na mtoto mchanga anajua kitendo hicho. Unajinyamazisha wewe ili umsikie yeye.

Alipobana pumzi, mwendo mdogo ubavuni mwa mtoto ukasimama.

Alipoiachia, ukaanza tena.

Tusekile alirudia pale mara kadhaa. Kisha alisikia baridi ambayo haikutoka kwenye mashine. Mtoto wa kwenye kioo alikuwa akipumua kwa pumzi za mama yake.

Aliinuka, akavuta picha ghafi ya saa ileile, ile iliyofika kutoka wodini kabla ya kuguswa. Picha za wodi zilipanda mlimani kwa njia ya hospitali peke yake, nazo zilifika nzima. Shida ilikuwa kushuka. Meza zote za wauguzi zilishuka kwa njia moja ya hewani, kutoka mnara hadi mnara, na ukungu wa Makete uliinywa njia hiyo kama mchanga unavyokunywa maji. Ndiyo sababu nyumba ile ilikuwa na Msokotaji.

Msokotaji hakuwa mtu, ingawa walimzungumzia kama mtu. Kazi yake ilikuwa kuichukua picha pana na kuisokota iwe uzi mwembamba unaopenya. Alituma picha nzima mara moja tu. Baada ya hapo alituma kilichobadilika. Ukuta haukubadilika, akaunyamazia. Kitu kikisogea hakukichora upya, bali alikiambia kioo: kile kipande ulicho nacho, kisogeze juu kidogo. Vitu viwili vikisogea pamoja aliviagiza kwa agizo moja, kwa kubana matumizi. Na njia ikizidi kuziba, alikisia. Alitazama jambo lilivyokuwa likienda, akaliendeleza mwenyewe mpaka ukungu upungue. Kwa sababu yake picha haikukwama kamwe. Ilikuwa laini kama mafuta, na nyumba nzima ilijivunia ulaini huo.

Tusekile aliziweka picha mbili ubavu kwa ubavu.

Katika picha ghafi, kanga ilipanda na kushuka kwa pumzi ya Nshoma, na mtoto akapanda na kushuka nayo kama kifurushi. Ubavuni mwake hapakuwa na kitu. Wakati huohuo, kwenye kioo cha Singida, ubavu uleule ulicheza vizuri.

Sasa alielewa, hatua kwa hatua, na kila hatua ilimuuma. Msokotaji aliona kanga moja, korosho kubwa, rangi kali, vitu anavyovipenda kwa sababu ni rahisi kuvifuata. Aliona vyote vikienda pamoja. Mtetemo wa mtoto aliuhesabu kuwa sehemu ya mwendo huo mmoja. Ukungu uliposhuka, akauendeleza wote: mama anapumua, basi na hiki kidogo kilicho juu yake kinaendelea kama kilivyokuwa.

Walimfundisha kwa picha za watoto waliolazwa vitandani, juu ya shuka nyeupe, mmoja mmoja. Picha safi, za kupendeza. Tusekile alikuwepo. Alikuwa ameingia kazini siku si nyingi, mtu mzima aliyesoma masomo ya jioni na kufaulu kwa machozi, na picha zile zilimfurahisha. Chumbani mle hapakuwa na mtu hata mmoja ambaye hakulelewa ndani ya kanga. Hakuna aliyeikumbuka.

Akaweka viganja juu ya meza ya kweli, ya mbao, akafumba macho.

"Bwana," alisema kwa sauti ya chini, "asante kwa kuwa mama yake aliacha kupumua akamsikiliza."



3

Mzee Komba alitazama picha zile mbili akiwa amesimama, mikono ndani ya mifuko ya koti. Alipomaliza alivuta kiti.

"Kwa hiyo hakuna aliyesema uongo."

"Yupo mmoja, Mzee. Tumemfundisha sisi."

Alikaa akisugua goti lake, jambo alilofanya ukungu ukiwa njiani.

"Sikiliza, Mama Lwitiko. Kabla ya vioo hivi, wodi kama ile ilizika. Unajua. Mjukuu wangu alizaliwa mdogo kama kiatu changu, leo yuko darasa la pili anapiga wenzake. Nani alimwona alipobadilika rangi? Mwanamke mmoja aliyekuwa nyumbani kwake Kasulu. Kwa kioo."

"Najua, Mzee."

"Tukimzuia Msokotaji asikisie, ukungu ukishuka njia haitoshi. Nusu ya wodi zitabaki bila jicho lolote. Hapo mtoto atakufa kwa hakika. Tukimwacha, labda."

"Huyo wa 'labda' juzi alikuwa bluu, akaokolewa na mama yake."

"Nipe mpaka mwisho wa masika. Nitamfundisha upya, na kanga, na vitenge, na mashuka ya mistari, kila kitu. Kimya kimya."

"Na wauguzi?"

"Ukiwaambia, hawataamini tena wanachokiona. Muuguzi asiyeamini macho yake anapiga kengele kila dakika. Wodini watachoka, wataacha kuitikia. Unaona inakoelekea?"

Tusekile aliona. Hilo ndilo lililomsumbua: kila neno alilosema Mzee Komba lilikuwa na miguu. Hakuwa mtu mbaya, wala hakuwa akilinda cheo. Alikuwa akihesabu watoto, na hesabu yake ilikuwa na mantiki.

"Naomba muda kidogo," alisema.

"Nenda kaombe. Ukija na jibu lisilo na hesabu, nitalikataa."

Nyuma ya chumba cha betri palikuwa na ujia usio na madirisha, mahali pekee penye joto katika nyumba nzima. Tusekile alipiga magoti sakafuni. Hakuomba apewe ishara. Alikuwa ameishi muda wa kutosha kujua kwamba ishara akiziomba huwa anaziona anazozitaka. Alimweleza Mungu jambo lile kama lilivyo, kwanza kwa maneno ya Mzee Komba, bila kuyapunguza, kisha kwa maneno yake. Kisha akanyamaza.

Katika ule unyamavu lilimjia swali, wala si jibu. Mashaka haya lazima yabebwe na mtu fulani. Nani anaweza kuyabeba?

Mtoto hawezi. Mama, usingizi ukimchukua, hawezi. Yeye na Mzee Komba walikuwa tayari kuyabeba, lakini yakiwa mikononi mwao hayamsaidii mtu, kwa sababu si wao wanaoangalia. Muuguzi peke yake ndiye awezaye kuyabeba na kuyafanyia kazi. Naye ndiye waliyekuwa wanamficha.

Alirudi na alama za sakafu magotini.

"Nitawaambia leo, Mzee, kwa kuwa wao ndio wanaoangalia. Nimekuja kukuambia wewe kwanza."

"Na nikikukataza?"

"Utakuwa umenikataza. Nami nitakuwa nimewaambia."

Mzee Komba alimtazama. "Masomo ya jioni," alisema, "yanaharibu watu." Akasimama, akafunga vifungo vya koti lake mpaka juu. "Nitakaa pembeni yako. Sitaki waseme mkuu alijificha chooni."

4

Nyuso za wauguzi zilipangika ukutani, kila mmoja na kilicho nyuma yake: pazia la maua, kabati la vyombo, jogoo aliyepita bila kualikwa. Tusekile aliwaonyesha picha mbili ubavu kwa ubavu. Hakuanza kwa kujitetea. Alieleza kanga, alieleza mwendo mmoja, alieleza kukisia.

"Bi. Sikudhani," alimalizia, "ulikuwa kwenye kioo, na uliangalia vizuri. Tulikuonyesha kitu ambacho hakikuwepo. Tunakuomba radhi mbele ya wenzako."

Bi. Sikudhani alimtazama mtoto aliyepumua, kisha mtoto asiyepumua.

"Kwa hiyo nilikuwa naangalia katuni," alisema.

Mtu mmoja alicheka, kicheko kifupi cha kukosa pa kujiweka. Kisha Mama Getruda wa Kasulu, mwanamke mnene mwenye sauti nzito, aliuliza swali ambalo Tusekile alikuwa akilingoja tangu asubuhi.

"Tangu lini?"

"Tangu Msokotaji huyu aanze kazi. Hatujui ni mara ngapi."

"Mimi nina watoto wawili nilioandika wamefariki ghafla." Mama Getruda hakupaza sauti. "Niliandika hivyo kwa sababu niliwaona wakipumua, kisha wodi ikanipigia kuniambia wamekwisha. Nikajiuliza mwaka mzima nimekosea wapi."

Mzee Komba aliangalia mikono yake.

"Sijui, mama," Tusekile alisema. "Tutafungua kila kumbukumbu tuliyo nayo. Tutakachokiona tutakuambia wewe kwanza, na wazazi wao wataambiwa. Siwezi kukuahidi zaidi ya hapo."

Mama Getruda alijifuta uso kwa upindo wa kitenge. "Hiyo inatosha kuanzia," alisema.

Mzee Komba akaeleza upande wake, kwa uaminifu: wakizuia kukisia, ukungu ukishuka njia haitoshi kwa meza zote. Nusu zitakatika.

"Ngoja kwanza," Bi. Sikudhani alisema. "Njia haitoshi kubeba nini? Kwenye meza yangu mnanitumia nini?"

Tusekile alianza kutaja, na kadiri alivyotaja ndivyo alivyozidi kusikia jinsi maneno yake yalivyokaa. Kingo za herufi, ziwe kali zisomeke. Kivuli chini ya kila dirisha. Picha ya maua nyuma ya meza. Saa yenye mshale unaotembea. Ulaini wa kishale. Rangi ya mapazia ya wodini. Msokotaji alizaliwa kwa ajili ya makarani, na makarani hulalamikia herufi kwanza. Kwa hiyo herufi zilipewa nafasi ya mbele, na wodi ikapata kilichobaki.

"Kivuli cha nini?" aliuliza Mama Getruda.

"Cha dirisha. Lionekane kama limeinuka kidogo."

"Limeinuka liende wapi?"

Safari hii walicheka wote, na Mzee Komba naye, kwa mara ya kwanza siku ile.

"Ondoeni," Bi. Sikudhani alisema. "Ondoeni kivuli, maua, saa. Saa ninayo ukutani, na muadhini ninaye jirani. Orodha ya dawa nitaiita nikiihitaji. Niachieni kifua cha mama na mtoto, basi. Hata kama hakina rangi. Hata kama kinarukaruka."

Mzee Komba alikuwa ameshaanza kupiga hesabu kwa kidole juu ya goti. "Bila rangi," alisema polepole. "Picha chache kwa sekunde. Mtoto anapumua mara moja kwa sekunde hivi, kwa hiyo picha chache zinatosha kumfuata. Kipande cha mtoto kitumwe peke yake, kisiunganishwe na kitu kingine chochote." Akainua macho. "Wengi watabaki. Si wote. Ukungu ukiwa mzito zipo meza zitakazokatika kwa dakika kadhaa, na hapo Msokotaji atataka kukisia tena. Ndivyo alivyoumbwa."

"Basi tumnyime rangi ya kukisia," Tusekile alisema. "Pale asipojua, pawe kijivu. Asichore chochote. Kijivu kitupu."

"Kijivu kikija nifanye nini?" aliuliza Mama Getruda. "Nikae nikiangalie?"

"Utapiga simu wodini, mtu akamguse mtoto kwa mkono," alijibu Bi. Sikudhani. "Tulikuwa tunafanya nini sisi, kabla ya hivi vioo?"

"Zitakuwa simu nyingi siku za ukungu," Mzee Komba alionya.

"Mkubwa, kijivu nacho ni habari. Kinaniambia nisikae. Ile katuni yenu iliniambia nikae."

 Mzee Komba alichukua kalamu akaandika neno kijivu kwenye kiganja chake, kama mtoto wa shule, akalizungushia duara.

5

Meza mpya za wauguzi zilikuwa mbaya kwa macho. Nyeusi tupu, na katikati dirisha moja lisilo na rangi, mama na mtoto wakirukaruka kama picha zinazopinduliwa kwa kidole gumba. Vijana wa zamu ya usiku waliziita meza za msiba. Bi. Sikudhani alisema msiba ulikuwa kwenye zile za zamani.

Kwa siku kadhaa hali ya hewa ilikuwa njema, na hapakutokea kijivu.

Kisha, mchana mmoja, Tusekile aliona kilele cha mlima kikipotea, halafu miti, halafu mnara wenyewe. Ukungu ulishuka mpaka kwenye madirisha. Kwenye ubao wa zamu, kipimo cha njia kikaanza kuteremka. Mzee Komba alitoka ofisini kwake na kikombe cha chai mkononi, akasimama nyuma ya kiti cha Tusekile.

Meza ya kwanza kugeuka kijivu ilikuwa ya Mama Getruda. Walimsikia akipiga simu wodini kwake, akiwa na ukali wa kawaida, na mtu akamjibu. Ya pili ikafuata, na ya tatu. Ya nne ilikuwa ya Bi. Sikudhani.

Kwenye kioo chake, palipokuwa na Nshoma na mwanawe, palibaki mstatili wa rangi ya majivu.

Sauti ilipita, sauti ni nyembamba, haihitaji nafasi kubwa. Tusekile alimsikia Bi. Sikudhani akipiga simu ya wodi. Ikaita. Ikaendelea kuita. Baadaye walijua kwamba Vedasto alikuwa chumba cha pili na mama mwingine aliyekuwa akijifungua, na mikono yake haikuwa ya kupokea simu. Wakati ule walisikia mlio tu.

"Mama Lwitiko," Mzee Komba alisema kwa sauti ndogo. "Kitufe cha zamani bado kipo."

Alijua kipo. Kilikuwa karibu na kidole chake. Akikibonyeza, Msokotaji angeamka na kukisia, mtoto angeonekana tena, laini, mzima, anapumua, na ile hofu iliyokuwa chumbani ingepungua mara moja. Hilo ndilo lililokuwa baya. Ingepungua kwao, na kwa bibi wa Singida, na hakuna kitu ambacho kingebadilika kitandani Katavi.

Aliuondoa mkono wake mezani, akauweka mapajani, akaushika kwa mkono wa pili.

"Bwana, uwe pale tusipopaona," alisema.

Mzee Komba, ambaye hakuwa mtu wa kuomba mbele za watu, alisema amina.

Simu ya wodi ikaendelea kuita. Bi. Sikudhani akaikata, akafungua sauti ya kitandani.

"Nshoma. Nshoma, mwanangu, uko macho?"

Kimya. Kisha sauti ya usingizi: "Nipo, bibi. Unamwona?"

"Simwoni."

Tusekile alisikia godoro likilia; mama kijana alikuwa ameinuka.

"Humwoni?"

"Kwangu kumekuwa kijivu, sioni kitu. Usiogope, wewe unaye. Weka kiganja mgongoni kwake, chini ya kanga. Umeweka?"

"Nimeweka."

"Sasa bana pumzi yako kidogo, kama ulivyofanya siku ile. Kisha niambie."

Hapakuwa na sauti. Ilikuwa kimya Katavi, kimya Singida, na kimya Makete, ambako Mzee Komba alikuwa ameshika kikombe bila kukinywa. Tusekile aligundua kwamba na yeye alikuwa amebana pumzi.

"Anavuta," Nshoma alisema.

"Endelea."

"Anavuta. Tena. Anavuta." Sauti yake ilikuwa ikipata nguvu. "Amekaa kidogo. Bibi, amekaa."

"Msugue mgongo kwa kidole, taratibu. Huwa wanasahau, hawa. Wakumbushe tu."

"Namsugua."

Kimya kilichofuata kilikuwa kifupi, na kilikuwa kirefu kuliko vyote.

"Anavuta," Nshoma alisema, na hapo sauti yake ikakatika kidogo, akacheka au akalia, haikujulikana. "Ananitekenya mkono, bibi. Anavuta."

Nje ya dirisha la Makete, mguu mmoja wa mnara ulitokea ndani ya ukungu. Kipimo cha njia kikapanda kidogo. Kwenye meza ya Singida kijivu kikameguka, na picha ikarudi, mbovu, bila rangi, ikirukaruka: kanga inapanda polepole na kushuka, na chini ya mkono wa mama kitu kidogo kinachokwenda haraka, bila mpangilio, kwa hesabu yake chenyewe.

Bi. Sikudhani alikuwa anamwona sasa. Tusekile alikiona kishale chake kikitambaa mpaka karibu na kichwa cha mtoto, kikatulia pale. Lakini hakumwambia Nshoma kwamba picha imerudi, wala hakumnyamazisha.

"Anavuta," alisema Nshoma.

"Ndiyo, mwanangu," aliitikia Bi. Sikudhani. "Nakusikia. Niambie nyingine."